Mwanamke wa Kaunta ya Kondensa

Nilianza kumwonea wivu mwanamke yule kabla sijamtia machoni, na kilichouwasha huo wivu kilikuwa barua ya mistari minne.

Tulikuwa tunakaa Itigi, kwenye nyumba za reli, mimi na mume wangu na binti yetu aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Mume wangu alikuwa fundi wa simu za reli. Kutwa alifuata waya kandokando ya njia ya treni, akipanda nguzo na kuunga zilizokatika. Kazi ikiisha wenzake walikwenda kilabuni, yeye alikaa kwenye meza yake chini ya dirisha akitengeneza vipaza sauti. Miaka ile watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa. Kila kijiji kilikuwa na mikutano, na kila mkutano ulikuwa na mtu wa kuhutubia juu ya shamba la pamoja, juu ya kuchimba vyoo, juu ya kujitegemea. Umeme haukuwapo, na kipaza sauti cha kiwandani kilikuwa kitu cha wakubwa wa wilaya. Mume wangu alivijenga vyake ndani ya masanduku ya mbao, vikaendeshwa kwa betri ya gari. Vijiji vilimwita, kwaya ya kanisani ilimwita, na siku za Idi jirani zetu Waislamu nao walikuja kuazima.

Sikuwa na ugomvi na vipaza sauti. Nilikuwa nimeolewa miaka mitatu, na mume aliyeko nyumbani akichokonoa waya ni afadhali kuliko mume asiyejulikana aliko. Ndivyo nilivyojiambia mpaka siku ile niliyokuwa nafuta vumbi mezani kwake nikakuta barua chini ya kopo la misumari.

Nilisoma hadi darasa la nne kwenye shule ya misheni kwetu Kintinku, kwa hiyo kusoma nilisoma. Kuelewa ndiko kulikonishinda. Ilisema: "Ndugu yangu, zile elfu kwa ishirini na tano zimefika. Nimekuwekea tatu nzuri pembeni, sijamwonyesha mtu. Usimtume mtu, njoo uchague mwenyewe. Bei tutaelewana." Chini yake kulikuwa na jina la mwanamke.

Niliisoma mara tatu. "Sijamwonyesha mtu." "Njoo mwenyewe." Nilikaa kwenye kiti chake, tambara la vumbi likiwa mkononi, hadi binti yangu alipoanza kulia.

Aliporudi nilimwekea chakula, nikamwacha ale matonge mawili.

"Huyu aliyekuandikia ni nani?"

Hakushtuka, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Muuzaji wa vipuri, duka la Mhindi kule Singida."

"Mwanamke anauza vipuri vya redio?"

"Anauza."

"Na hiyo elfu kwa ishirini na tano ni nini?"

Hapo uso wake ukachangamka. Aliacha ugali, akaenda kuchukua kitu mezani, akanionyesha kijipipa cha rangi ya samawati, urefu wa kidole gumba, chenye miguu miwili ya waya. "Kondensa," alisema. "Inashika umeme kidogo, inautoa pale unapotakiwa. Elfu ni uwezo wake wa kushika. Ishirini na tano ni volti inazoweza kuvumilia. Nikipata nzuri za namna hii, sauti nene inatoka kama ilivyoingia. Nikikosa, mtu anahutubia kama mbuzi."

"Na kwa nini usimtume mtu?"

"Kondensa haichaguliwi na kila mtu, mama. Zinaharibika zikikaa dukani, kama nyanya. Kwa nje huoni kitu."

Aliniita mama, kama siku zote, akarudi kwenye ugali wake. Mimi nilibaki na wazo moja tu: kwamba kuna mwanamke Singida anayejua nyanya zipi zimeoza katika kitu ambacho mume wangu anakipenda, na mimi sijui.

Mkutano mkubwa ulikuwa unakuja. Kiongozi kutoka mkoani angekuja kuzungumza na vijiji vitatu kwa pamoja, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa amemwambia mume wangu kwamba siku hiyo anategemewa yeye. Akaomba ruhusa kazini aende Singida. Nikasema nakwenda naye, nataka kununua kitenge.

"Vitenge vipo hapa Itigi."

"Vya hapa nimevichoka."

Binti yetu tulimwacha kwa jirani. Tulipanda treni hadi Manyoni, kisha basi la vumbi hadi Singida, mimi nikiwa nimevaa gauni langu la harusini lililobadilishwa mshono. Siwezi kueleza kwa nini nililivaa gauni lile kwenye basi lile. Tulipofika nilikuwa na rangi ya barabara kuanzia kichwani, na upepo wa Singida, ambao hauna huruma na mtu, ukaniongezea.

Duka lilikuwa mtaa wa sokoni. Mbele waliuza baiskeli, taa za chemli na betri za tochi, na mzee wa Kihindi mwenye duka alikaa hapo kwenye sanduku la fedha. Nyuma, pembeni, kulikuwa na kaunta ndogo ya vipuri vya redio, na nyuma ya kaunta alikuwa yeye.

Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mrembo. Usiku kucha, kabla ya safari, nilikuwa nimemchora: macho, kiuno, mwendo. Aliyesimama pale alikuwa mwanamke wa rika langu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja na mtandio wa bluu uliopauka. Vidole vyake vilikuwa na alama za kuungua, zile zile alizonazo mume wangu. Nilipoona vidole vile nikajua kwamba mrembo ningemweza, na huyu sitamweza.

"Karibu, kaka," alimwambia. Kisha akanitazama na kutabasamu. "Na huyu lazima ni wifi. Karibu wifi, pole na safari."

"Asante," nilisema. Sikumwita wifi.

Alitoa tatu zake kutoka kwenye droo, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Akatoa mita, kile kisanduku chenye sindano na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Wakainamiana juu yake.

"Hii itazame."

"Imeruka vizuri."

"Subiri, isubiri irudi. Umeona? Inarudi taratibu, inakwenda mpaka mwisho."

"Hii nyingine je?"

"Nayo safi. Nilizipima kumi na mbili, kaka, nikapata hizi tatu tu za kukupa wewe."

"Hizo tisa nyingine?"

"Nyingine zitauzwa kwa wenye haraka."

Wakacheka. Mume wangu alicheka hadi akashika ukingo wa kaunta. Mimi nilimjua kama mtu wa kutabasamu tu. Kicheko kile sikuwahi kukisikia nyumbani kwangu. Wakaendelea: mia mbili na hamsini kwa kumi na sita, mia kwa ishirini na tano, ya karatasi, ya mika. Tarakimu zilikwenda na kurudi kati yao, na kila tarakimu ilikuwa ni mlango wanaopita pamoja na kunifungia mimi nje.

Bei ilipofika, mwanamke yule alisema kila moja ni shilingi tisa. Nilikuwa nimepata nafasi yangu.

"Shilingi tisa kwa kidude hiki?" nilisema. "Pale nje sokoni nimeona mtu anaviuza shilingi moja na nusu, vikubwa kuliko hivi."

Kweli nilikuwa nimemwona mtu huyo, ametandaza gunia lenye matumbo ya redio zilizokufa.

Mwanamke wa kaunta hakukasirika. "Ukubwa si kitu, wifi. Zile zimetolewa kwenye redio ndogo za volti sita. Ukizifunga kwenye betri ya gari zinapasuka. Tena betri ikitoka kuchajiwa inapita ile kumi na mbili iliyoandikwa. Hii ya ishirini na tano inakaa bila hofu." Akamgeukia mume wangu. "Lakini kwa sababu umekuja na wifi leo, lipa nane nane."

Tulipunguziwa bei kwa ajili yangu, na nikaona nimetukanwa. Mume wangu alilipa, akanipa kile kifurushi cha gazeti nikiweke kwenye kikapu changu. Kitenge hatukukumbuka kununua, si yeye wala mimi.

Manyoni tulifika mapema, treni ilikuwa bado. Mume wangu alikwenda kuzungumza na wenzake wa simu pale stesheni. Mimi nilikwenda chooni na kikapu changu. Ndani ya choo, nikiwa nimeziba pua kwa ncha ya khanga, nilifungua kile kifurushi. Zilikuwa nzuri, hilo siwezi kukana: za samawati, zinang'aa, maandishi meupe hayajafutika hata kidogo. Sikufikiri muda mrefu. Nilizitumbukiza shimoni moja baada ya nyingine, nikasikia kila moja ilivyoanguka. Gazeti nalo nikalitupa.

Nilipotoka nilisubiri hadi treni ikawa inaonekana kwa mbali, ndipo nikamwambia kwamba kifurushi hakimo kikapuni.

"Hakimo vipi?"

"Sijui. Labda kimeanguka kwenye basi. Labda hapa."

Nilitegemea atanifokea, na nilikuwa na majibu. Hakufoka. Alipiga magoti kwenye jukwaa la stesheni na sare yake ya reli, akachungulia chini ya mabenchi. Alimuuliza mwanamke aliyekuwa anauza mayai ya kuchemsha. Alikimbia hadi yalipoegeshwa mabasi, akarudi anahema, jasho limemlowanisha mgongo. Watu walianza kupanda, yeye bado anapekua kwa mguu kwenye takataka za maganda ya karanga. Nilimtazama nikawaza: mimi nikipotea, atanitafuta hivi? Ndiyo fikra niliyokuwa nayo, sifichi. Huruma ilikuja baadaye sana.

Tulipanda treni, na vichaka vya Itigi vikaanza kuonekana pande zote mbili. Kisha akasema, "Si kosa lako. Kikapu hakina mfuniko." Nikaangalia dirishani.

Muda wa kurudi Singida haukuwapo. Jumapili alasiri, baada ya ibada, alimwaga mezani makopo yake yote ya vipuri vya zamani akachagua iliyokuwa na afadhali, kondensa kubwa ya kijivu aliyoitoa kwenye redio iliyokufa. Aliipima, akatikisa kichwa, akaipima tena. "Italazimika kuvumilia," alisema. Akaitia motoni ile nondo yake ya kulehemu, akaifunga kondensa ile.

Siku ya mkutano mwanzo ulikwenda vizuri. Watu walikuwa wengi, wametoka vijiji vyote vitatu na ngoma zao, wanawake wamekaa upande mmoja na wanaume upande wa pili. Spika ya tarumbeta ilikuwa imefungwa juu ya mti, mume wangu amekaa chini yake na sanduku lake na betri. Kwaya iliimba, ikasikika hadi stesheni. Mwenyekiti alisema maneno yake. Akasimama mgeni wa mkoani, mtu mnene mwenye sauti nene, akashika maiki.

"Ndugu wananchi," alisema, na spika ikakohoa.

Aliendelea, sauti ikaanza kukwaruza, ikawa kama mtu anapasua kuni ndani ya debe. Mume wangu aliinama juu ya sanduku, akageuza hiki na kile. Kisha ukasikika mlio mmoja, si mkubwa, kama mbegu inayopasuka kwenye moto, na moshi mwembamba ukatoka. Spika ikafa. Mgeni aliendelea kuchezesha mdomo kwa muda kabla hajagundua kwamba hasikiki, na vijana waliokaa nyuma wakacheka.

Mwenyekiti alikuja pale chini ya mti. Hakupaza sauti, lakini tuliokaa mbele tulisikia. "Ndugu fundi, ulisema kitu chako ni cha kutegemewa."

"Nilisema, ndugu mwenyekiti."

"Haya, kichukue ukiondoe hapa."

Mume wangu alibeba sanduku begani, akapita mbele ya watu wote wale, harufu ya kuungua ikimfuata. Alipita mbele yangu. Hakuniangalia, na mimi sikunyanyua macho. Kuanzia siku hiyo vijiji viliacha kumwita. Mkutano uliofuata waliazima kipaza sauti cha Manyoni, na yeye alirudi mezani kwake chini ya dirisha akakaa tu, mikono juu ya mapaja.

Nilivumilia wiki tatu. Kuna mzee mmoja wa huko vichakani aliyekuwa akituletea asali, nami nilikuwa naipakia kwenye chupa na kuwauzia abiria dirishani treni inaposimama. Fedha zile zilikuwa zangu, za sabuni na nguo za mtoto. Nikazichukua. Nilimwambia mume wangu nakwenda Kintinku kumsalimu mama. Nilipofika Manyoni nikashuka, nikapanda basi la Singida.

Mwanamke wa kaunta alinitambua mara moja. "Wifi! Peke yako? Kaka hajambo?"

"Hajambo. Nataka zile elfu kwa ishirini na tano. Tatu."

"Zile hazijamtosha?"

Nilikuwa nimejiandalia uongo njiani, ukanipotea. "Nilizitupa," nilisema. "Nilizitupa chooni Manyoni. Kwa sababu yako."

Mzee wa Kihindi alikuwa mbele anapanga matairi ya baiskeli. Hakusikia, au alijifanya hakusikia. Yule mwanamke alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio muda mrefu. Akafungua kile kimlango cha kaunta.

"Ingia huku ndani, ukae."

Niliingia, nikakaa kwenye kigoda. Akasimama mbele yangu.

"Hakukwambia, eh?"

"Hakuniambia nini?"

"Ufundi wake amejifunza kwa baba yangu. Hapa hapa Singida, kabla hajaajiriwa reli. Marehemu baba alikuwa fundi wa redio, na mimi nilikulia kwenye meza yake. Tulikaa meza moja, yeye na mimi, karibu miaka miwili."

"Na halafu?"

"Halafu akaniposa. Baba akakataa. Yeye ni mtu wa kanisa na sisi ni watu wa msikiti. Baba alikuwa anampenda kama mwanawe, lakini hilo akakataa, na mimi sikumpinga baba. Mwaka uliofuata nikasikia amekuoa wewe."

Alisema bila kupamba, kama alivyosema shilingi tisa. Mimi nilikuwa nimesafiri na tuhuma tu, na sasa nilikuwa na kitu cha kweli mkononi, na kile cha kweli kiliuma zaidi. Mwaka uliofuata. Nilikumbuka alivyokuja kwetu na wazee wake, haraka, na mama alivyosifu kwamba huyu kijana hana mzaha.

"Na sasa?" niliuliza. "Sasa kuna nini?"

"Sasa kuna kondensa." Alivaa miwani yake. "Wifi, kama kungekuwa na kingine, ningekuandalia kigoda? Anakuja mara nne kwa mwaka, mchana, mbele ya mzee huyu. Tunaongea kazi. Sina mtu mwingine wa kuongea naye kazi. Wengine wakinikuta hapa wanauliza fundi yuko wapi."

Nikasema, "Nionyeshe namna ya kuzichagua."

Alinitazama, akidhani natania. Alipoona sitanii alivuta makopo matatu kutoka chini ya kaunta, akayapanga. Kopo la kwanza zilikuwa mpya, za bei kamili. La pili zilikuwa zimekaa miaka dukani lakini amezipima zikafaulu, hizo ni nusu bei. La tatu zilikuwa zimekufa, na aliziweka ili watu wanaobisha aweze kuwaonyesha tofauti kwenye mita. Akanipa nyaya mbili. Alinifundisha kwanza kuigusanisha miguu ya kondensa ili itoe umeme uliobaki, ndipo niipime. Sindano isiporuka, ujue imekauka. Ikiruka ikagoma kurudi, inavuja, na hiyo ndiyo hatari zaidi, nikajua hiyo ndiyo iliyopasuka mkutanoni. Ikiruka na kurudi taratibu hadi mwanzo wake, chukua. Alinionyesha kutazama mahali miguu inapoingilia, kama kuna unga mweupe au uvimbe. Akanionyesha alama ya kujumlisha na kutoa, kwamba ukiigeuza umeiua.

"Bei usiangalie ukubwa wala mng'aro," alisema. "Uliza imekaa dukani muda gani. Muuzaji akisema hajui, mpe nusu."

Nilipima kondensa hadi mchana ukageuka. Nilikosea nyingi. Mwisho nilichagua tatu peke yangu, mbili kutoka kopo la kwanza na moja kutoka la pili. Alizipima nyuma yangu, moja moja, akatikisa kichwa kukubali. Alitaka kuniachia bure ile ya nusu bei. Nilikataa, nikalipa yote, shilingi ishirini na mbili na nusu, noti zangu zikinuka asali.

Nyumbani niliziweka mezani mbele ya mume wangu, nikamwambia kila kitu: choo, Singida, aliyoniambia yule mwanamke. Nilisema kwa Kigogo, lugha ninayoitumia nikigomba, ingawa yeye anaisikia nusu tu. Alisikia ya kutosha.

"Ulizitupa?" aliuliza.

"Nilizitupa."

"Na mimi nikapekua takataka stesheni nzima, watu wananitazama."

"Na mimi nilikuwa nakutazama."

Nilidhani atatoka nje, na nilishaona jinsi majirani watakavyopata cha kusema. Lakini alikaa.

"Kwa nini hukuniambia kwamba ulimposa?" niliuliza.

"Ningekwambiaje?"

"Ulikuwa unakwenda kule kwa ajili ya kondensa, au kwa ajili yake?"

Angeweza kunidanganya, na siku ile ningeshukuru. Aliokota kondensa moja akaizungusha vidoleni. "Kwa ajili ya kondensa," alisema. Halafu akaongeza, "Na labda kidogo, kukaa tena kwenye meza ile."

Hilo "labda kidogo" nimelala nalo miaka mingi.

"Basi kuanzia leo nakwenda mimi," nilisema.

"Haya."

"Wewe huendi tena."

"Nimesema haya, mama."

Alizipima tatu zangu. Niliona amepania kupata kasoro, na hakuipata. Akazifunga. Ilichukua miezi kabla kijiji chochote hakijamwamini tena, na aliyeanza kumwita alikuwa mwalimu wa kwaya, ambaye hakuwa na njia nyingine. Kwaya iliposikika vizuri Jumapili mbili tatu, mwenyekiti naye akaja mwenyewe nyumbani, akanywa maji, akazungumza juu ya mvua, na mwisho akauliza kama fundi ana nafasi.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nakwenda Singida, mara nne kwa mwaka, na orodha ya tarakimu kwenye kipande cha karatasi. Nilikwenda kwa sababu ya wivu, nisidanganye mtu. Nilikuwa mlinzi wa mlango. Lakini huwezi kukaa kwenye kigoda cha mtu miaka na miaka ukabaki mlinzi tu. Nilifika mahali nikawa nampelekea asali naye ananifungia karanga. Mafundi wengine wa Itigi, na mmoja wa Manyoni, walianza kunituma, nami niliwachagulia na kuwatajia bei bila kutetemeka. Mume wangu alikuwa akiniuliza mezani, "Hii unaionaje?" Na nilipokuwa narudi kutoka Singida, alisubiri. Hakuuliza habari zake hata siku moja. Nilitaka aulize ili nikasirike, na nilitaka asiulize, na kila mara hakuuliza.

Baadaye bidhaa za kutoka nje zilianza kuadimika. Kopo la kwanza lilikwisha, likabaki la pili. Safari moja nikakuta kaunta ya nyuma imefunikwa turubai, na mzee wa Kihindi akaniambia kwamba dada yangu ameolewa. Alisema hivyo, "dada yako." Amechukuliwa na dereva wa lori, mtu mzima aliyefiwa na mke, wamehamia upande wa Nzega. Alikuwa ameniachia mita yake, imefungwa kwenye ule mtandio wa bluu.

Nilifika nyumbani mchana, mume wangu anaosha mikono ale. Nikamwambia. Nilisimama mahali ambapo ningemwona uso wote.

"Ameolewa?" alisema.

"Ameolewa Nzega."

"Na nani?"

"Dereva wa lori."

Alifuta mikono kwenye taulo, kidole kimoja kimoja. "Ni vizuri," alisema. "Alikuwa amekaa sana peke yake."

Akakaa, akala ugali wake wote, akaomba mboga iongezwe. Nilimwongezea. Nilimtazama akila hadi akamaliza, nikitafuta kitu usoni kwake, na hadi leo sijui kama hakikuwapo au kama alikuwa amejifunza kukificha. Nilikaa nikachukua sahani yangu. Ugali ulikuwa umepoa.